Kuvua trauti kwa flai: anzia kwa nyasi, mto utakungoja

Watu wengi Nairobi wakisikia kuvua samaki wanawaza Kisumu, boti na nyavu, ama kijana kando ya bwawa na mnyoo kwa ndoano. Hii ya kuvua trauti, samaki wa mito baridi ya milimani, kwa flai ni kitu tofauti kabisa, na si lazima uwe tajiri wa Karen ndio uifanye, ila kuna vitu viwili vitatu ukivianza vibaya utachoka mapema na vifaa utaviuza kwa bei ya kutupa.

Cha kwanza, na hiki ndicho kinapiga wengi chenga: kwa uvuvi wa kawaida uzito uko kwa chambo ama kwa chubwi, unarusha huo uzito na mshipi unafuata. Hapa flai haina uzito wa maana, ni kandoano kadogo kamefungwa manyoya na nyuzi kafanane na mdudu, so chenye unarusha ni mshipi wenyewe, ndio maana umetengenezwa mnene na mzito hivyo. Nguvu za mkono hazisaidii chochote, nimeona majamaa wa gym wakitesekea hapo.

Vifaa visikuchanganye. Fimbo ya futi 9 namba 5 (namba ni uzito wa mshipi inaoubeba) inatosha karibu kila mahali, na mshipi wa kuelea wa namba hiyo hiyo 5, lazima zilingane. Kama unajua utaishia vijito vya msituni tu, tafuta fupi ya futi 7 na nusu, namba 3 ama 4, matawi huko hayana huruma. Mbele ya mshipi unafunga lida, hiyo ni nailoni inaanza nene inaisha nyembamba. Rili chukua ya bei rahisi tu, kwa trauti wa size yetu kazi yake ni kukushikia mshipi. Na flai tafadhali usiagize ng'ambo, zinafungwa kwa mkono hapa hapa Kenya na kupelekwa Ulaya na Marekani, kwa hivyo ulizia mafundi wanaozifunga wakuuzie moja kwa moja. Anza na za ndoano size 12 na 14.

Sasa mazoezi. Tafuta nyasi, uwanja wa estate ama Arboretum asubuhi kabla watu wajae, lakini usifanyie kwa lami, itakwaruza mshipi uishe mapema. Askari wa geti atakuuliza unavua nini kwa nyasi, mzoee tu. Badala ya flai funga kipande cha uzi wa sweta, mwekundu ili ukione. Toa mshipi kama mita 8 uunyooshe mbele yako, shika fimbo kidole gumba kikiwa juu, ncha iangalie chini. Chukulia kuna saa ya ukutani kando yako, 12 iko juu ya kichwa na 10 iko mbele. Inua polepole, ongeza kasi, halafu simama ghafla kwa 1. Hapo ndio kazi yote iko: ngoja. Geuza kichwa uangalie nyuma mpaka uone mshipi umekaribia kunyooka wote, ndio uje mbele usimame kwa 10 na uuache utue wenyewe. Ukisikia ule mlio wa kiboko nyuma yako ujue hukungoja, na kwa mto hapo flai ingekuwa imekatika na kwenda. Mshipi ukijirundika mbele, mara nyingi ni kiwiko kimelala na kifundo cha mkono ndicho kinafanya kazi. Dawa yake ni kuingiza mkia wa fimbo ndani ya mkono wa sweta, kifundo kikikunjika utausikia ukivuta. Dakika kumi na tano kila siku zinashinda Jumamosi nzima ya kujiumiza bega.

Fundo la kufunga flai jifunze ukiwa kwa kochi: pitisha nailoni kwa tundu la ndoano, izungushe juu yake yenyewe mara tano, rudisha ncha kwa kale kashimo kalikobaki karibu na tundu, ipitishe tena kwa kitanzi kikubwa kilichotokea, lowesha na mate kisha vuta polepole. Ukivuta kavu nailoni inaungua na itakukatikia samaki akiwa amenasa.

Trauti si wa kwetu asili. Mlowezi Mwingereza, Ewart Grogan, alileta mayai yao kutoka Loch Leven, Scotland, mwaka 1905 na wakawekwa mto Gura huko Aberdare. Wanataka maji baridi, so kutoka Nairobi unaenda upande wa Aberdare ama Mlima Kenya: mto Gatamaiyu ni karibu, Kimakia ukipitia Thika, halafu Gura, Chania, Thego. Leseni ya uvuvi ulizia mapema, na ukiingia hifadhi kuna kiingilio cha KWS, shirika la wanyamapori. Msituni enda na mtu anayejua njia, ndovu na nyati wako.

Kwa mto samaki anaangalia maji yanakotoka, kwa hivyo mwendee kutoka chini, umeinama, nguo zisizong'aa. Tupia mbele ya alipo, upande maji yanakotoka, na uvute ulegevu wa mshipi kadiri flai inavyorudi kwako, ielee kama mdudu aliyeanguka, ikiburutwa tu anakataa. Jaribu nyuma ya mawe na pale maji ya kasi yanapokutana na yaliyotulia. Mita 5 ama 6 zinatosha. Akiuma inua fimbo taratibu, usinyakue. Kama utamrudisha, bana kile kijino cha ndoano na koleo kabla ya kuanza, na uloweshe mikono kabla ya kumshika.

Mvua ikinyesha milimani mto unakuwa kama chai ya maziwa na hutashika kitu, so kabla ya kuchoma mafuta mpaka huko mpigie mtu wa huko simu umuulize maji yana rangi gani.