Kabla ya kuifuata timu ugenini, piga hesabu ya kurudi

Mashabiki wengi hupanga safari ya ugenini kwa kuangalia mechi inaanza saa ngapi. Mimi nasema anza na saa ya kutoka uwanjani, maana mipango mingi huharibikia hapo. Mpira una dakika 90, mapumziko 15, na siku hizi mwamuzi akiongeza dakika 10 hakuna anayeshangaa. Ikiwa ni mechi ya mtoano, jumlisha dakika 30 za ziada, kisha mikwaju ya penalti, yaani matuta. Na bado hujatoka. Filimbi ya mwisho ikishalia, mashabiki wageni mara nyingi huzuiwa jukwaani hadi wenyeji watawanyike: polisi wamejipanga mlangoni, spika inarudia tangazo lile lile, mvua ikinyesha mnalowa wote, mlioshinda na mlioshindwa. Inaweza kuwa robo saa, inaweza kukaribia saa nzima. Sasa linganisha na saa ya treni au basi la mwisho. Ikiwa hesabu inabana, tafuta pa kulala, au panda basi la tawi la mashabiki. Hilo huwa linawangoja watu wake.

Nauli usiilipe kwa pupa ratiba ilipotoka tu. Mechi husogezwa siku na saa ili ziendane na televisheni, na usitegemee ligi ikufidie. Bora tiketi ya safari inayobadilishika, hata ikizidi bei kidogo. Ukivuka mpaka, pasipoti, viza na bima ya afya vishughulikie mapema.

Tiketi ya mechi ndiyo kazi hasa. Nafasi za wageni ni chache: kwenye mashindano ya klabu ya UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, mwenyeji hutakiwa kuwatengea wageni angalau asilimia 5 ya uwanja, Ligi Kuu ya England ni tiketi 3,000, au asilimia 10 pale uwanja unapokuwa mdogo. Ndiyo maana klabu nyingi huwapa kipaumbele waliosafiri nayo mara nyingi. Ukikosa, usikimbilie kwa mlanguzi akuuzie kiti cha upande wa wenyeji, ukijiaminisha kwamba utanyamaza. Timu yako ikifunga dakika ya 88 utajikuta umesimama peke yako katikati ya watu waliokaa, na walinzi watakutoa nje, tena kwa usalama wako mwenyewe. Chunguza pia sheria za nchi unakokwenda. Italia, jina lililo kwenye tiketi lazima lifanane na kitambulisho chako. Argentina ilianza kuwapiga marufuku mashabiki wageni kwenye mechi za ligi kuu mwaka 2013, na katazo hilo likadumu miaka mingi. Kuna safari ambazo jibu lake ni kubaki nyumbani.

Begi liwe dogo. Viwanja vingi havipokei linalozidi ukubwa wa karatasi ya A4, na si kila uwanja una mahali pa kuhifadhi mizigo. Mwavuli mrefu, chupa na fimbo ya bendera huishia langoni. Bango kubwa huombewa kibali kupitia klabu yako siku kadhaa kabla, na viwanja vingine hudai uthibitisho kwamba kitambaa hakishiki moto upesi. Dawa unazotumia zibaki kwenye pakiti yake, ukiwa na cheti cha daktari.

Jezi na skafu vifunike kwa koti hadi ufike walipo wenzako. Najua wapo watakaoita huo woga. Waulize waliowahi kwenda mji huo ni mitaa gani wageni hukutania na ipi wanaikwepa.

Tiketi ya kwenye simu ipakue ukiwa bado na mtandao mzuri, kwa kuwa karibu na uwanja watu ni maelfu na intaneti huzidiwa. Beba betri ya akiba baada ya kuhakikisha uwanja huo unairuhusu. Namba za wenzako ziandike kwenye karatasi, na mkubaliane pa kukutania mkipotezana: mbali kidogo na uwanja, mahali penye jina linaloeleweka, wala si "pale nje ya geti", maana mageti ni mengi na mtatolewa kwa lile polisi watakalochagua.