Jinsi ya kufuatilia umeme wa akiba hadi kwenye vifaa vya rubani

Fundi mgeni akisikia ndege imebaki na umeme wa akiba, yaani jenereta kuu hazitoi umeme, hudhani vifaa vyote vinaendelea kwa nguvu pungufu. Sivyo. Kimoja huzimika kabisa, jirani yake hubaki kama kawaida. Yote hutegemea kila kimoja kimeunganishwa kwenye njia ipi ya umeme.

Hatua ya 1: chora vyanzo. Anza na jenereta za injini, kwa kawaida volti 115, hezi 400. Kisha jenereta ya injini ndogo ya mkiani, halafu pangaboi ya upepo inayofyatuka nje (Airbus A320 inayo, Boeing 737 haina), na mwisho betri. Mpangilio huu si wa darasani tu: Januari 2009, injini zote mbili zilipopoteza nguvu, Kapteni Sullenberger aliiwasha mapema ile injini ndogo ya mkiani, na A320 yake ikatua mtoni Hudson, New York, kompyuta zake zikiwa bado na umeme.

Hatua ya 2: chini ya kila chanzo, andika vinavyobaki. Jiko la ndege hukatwa mapema. A320 ikipoteza jenereta kuu zote, skrini kuu ya kapteni hubaki inawaka. Ya msaidizi wake huzima.

Hatua ya 3: andika muda. Hapa wengi hupita mbio, nami nakusihi usimame. Pangaboi huhitaji sekunde kadhaa kabla ya kutoa umeme, na katika pengo hilo betri ndiyo hubeba mzigo. Kwenye 737, mfumo wa jairo wa kulia (unaohisi mwendo wa ndege ili kujua ilipo, mkao na mwelekeo wake) ukikosa mkondo geu, yaani umeme wa AC wa jenereta, hulishwa na betri kwa dakika 5 tu, kisha hukatwa. Mfumo wa jairo ukishazimika angani, haurudi kukuonyesha mahali ulipo. Utakachoweza kurudishiwa ni mkao wa ndege na mwelekeo.

Hatua ya 4: pima ndege ikiwa chini, ukifuata kitabu cha ndege hiyo. Soma volti za betri ikiwa na mzigo. Bila mzigo, betri iliyochoka huonekana nzima. Usikawie, maana feni za kupoza vifaa huenda hazizunguki. Jairo za 737 zikianza kula betri uwanjani, honi hulia kwenye shimo la gurudumu la mbele. Ukimaliza, rudisha swichi, kisha shuka uhakikishe kwa masikio yako kwamba honi imenyamaza.