Somo: Mwajiriwa unayefanyia kazi nyumbani Kanada, dai gharama zako

Kila msimu wa ritani za kodi ya mapato ukifika naona wenzetu wengi, hasa wapangaji, wakiacha pesa yao mezani. Wengi wanaamini madai ya kufanyia kazi nyumbani yaliisha pamoja na korona. Kilichoisha ni ile njia ya mkato ya dola 2 kwa siku, iliyokuwa na kikomo cha dola 400 mwaka 2020 na dola 500 mwaka 2021 na 2022. Tangu ritani ya 2023 imebaki njia ndefu ya kukokotoa gharama halisi. Ni ya jasho kidogo, lakini kwa anayelipa pango la Toronto au Vancouver ndiyo yenye faida kubwa.

Somo hili ni la mwajiriwa anayepewa T4, yaani hati ya mwajiri inayoonyesha mshahara na makato ya mwaka. Aliyejiajiri ana utaratibu wake.

Hatua ya 1: Hakikisha unastahili

Mwajiri awe alikutaka ufanyie kazi nyumbani. Kama mlikubaliana rasmi kwamba utafanyia kazi nyumbani, hata wewe ndiye uliyeomba, inahesabika. Pili, uwe umefanya zaidi ya nusu ya kazi yako nyumbani kwa muda usiopungua wiki 4 mfululizo ndani ya mwaka. Siku tatu nyumbani kati ya tano, umepita. Siku mbili, hujapita. Tatu, gharama umelipa wewe na hukurudishiwa.

Hatua ya 2: Pata T2200

Hapa ndipo madai mengi yanapofia. T2200 ni fomu ambayo mwajiri anaijaza na kutia sahihi kuthibitisha masharti ya kazi yako. Bila hiyo huna madai, hata uwe na risiti gunia zima. Iombe mapema, Januari au Februari, maana tarehe ya mwisho ya ritani ni 30 Aprili na ofisi za utumishi huelemewa. Sahihi ya kielektroniki inakubalika. Ukishaipata, isome: angalia wameandika nini kuhusu kufanyia kazi nyumbani na kuhusu pesa za kukufidia. Huitumi kwa CRA, yaani mamlaka ya kodi ya Kanada. Unaitunza kwa miaka 6 pamoja na risiti zako, wakiiomba unaitoa.

Hatua ya 3: Kusanya bili zinazokubalika

Pango, umeme, gesi ya kupasha nyumba joto, maji, ada ya mwezi ya intaneti, na matengenezo madogo. Vifaa vinavyokwisha kama karatasi, kalamu na wino wa printa navyo vinaingia, ila hivyo hudaiwa kivyake, havigawanywi kwa ukubwa wa chumba.

Watu hukimbilia kwanza meza, kiti, skrini na vipokea sauti vya masikioni. Hivyo vyote havikubaliki kwa mwajiriwa. Ada ya kuunganishiwa intaneti mara ya kwanza haimo, riba ya mkopo wa nyumba haimo. Kodi ya jengo na bima ya nyumba ni kwa wanaolipwa kwa kamisheni tu. Kwa hiyo acha kuhangaika na risiti ya kiti, tafuta risiti za pango.

Kama ulianza kufanyia kazi nyumbani Juni, hesabu gharama za kuanzia Juni.

Hatua ya 4: Pima nyumba

Chukua futi kamba. Pima eneo la kazi, kisha ligawanye kwa eneo lote la ndani lililomalizika kujengwa, ukihesabu na jiko, choo na ujia.

Tuseme nyumba ina futi za mraba 800 na eneo la kazi ni 120, yaani asilimia 15. Pango ni dola 1,700 kwa mwezi, umeme 90, intaneti 75. Kwa mwaka jumla ni dola 22,380. Kama hizo futi 120 ni chumba cha kazi tu, unadai asilimia 15: dola 3,357.

Kama ni sehemu ya chakula, ambako jioni watoto wanakula na kufanya kazi za shule, zidisha tena kwa saa za kazi. Wiki ina saa 168. Ukifanya kazi saa 40, ni 40 kwa 168. Dai linashuka hadi karibu dola 799. Chumba kikiwa na kitanda cha mgeni si cha kazi tu, kwa hiyo kuwa mkweli, kwani CRA wanaweza kukuuliza.

Hatua ya 5: Jaza T777, fomu ya gharama za mwajiriwa

Jumla inakwenda mstari wa 22900 wa ritani. Kumbuka haya ni makato kwenye mapato, hupewi dola 3,357 mkononi. Kwa kiwango cha chini cha kodi ya shirikisho cha 2024, asilimia 15, unaokoa kama dola 503, na nafuu ya kodi ya jimbo juu yake.

MASWALI YA WANACHAMA (kwa miji wanakoishi)

Hamilton: Shikamoo mwalimu. Mume wangu nami sote tunafanyia kazi nyumbani. Yeye analipa pango, mimi umeme na intaneti. Nani adai?

*Marahaba mwanangu. Kila mmoja adai alicholipa mwenyewe, kwa eneo lake la kazi na T2200 yake. Mkilipa kutoka akaunti ya pamoja mnaweza kugawana, mradi bili moja isidaiwe mara mbili.*

Edmonton: Bosi anasema hawatoi hiyo fomu.

*Pole sana ndugu yangu. Mpite bosi kwa heshima, uandikie ofisi ya utumishi. Waeleze kwamba T2200 haiwagharimu hata senti, ni uthibitisho tu. Wakikataa kabisa, usidai.*

Calgary: Nina nyumba ya mkopo. Sina changu hapo?

*Unacho dada. Riba na deni lenyewe sahau, ila umeme, gesi, maji na intaneti vimo. Na rangi uliyopaka chumba cha kazi peke yake, unaidai yote bila kugawanya.*

Gatineau: Mimi naishi Quebec.

*Basi una ritani mbili kaka. Ya Quebec ina fomu zake: mwajiri ajaze TP-64.3, wewe ujaze TP-59. Mwombe mwajiri T2200 na TP-64.3 kwa pamoja.*

Winnipeg: Mwaka 2021 nilifanyia kazi nyumbani miezi minane, sikudai chochote. Nimechelewa?

*Hujachelewa. Ritani inaweza kurekebishwa hadi miaka 10 nyuma, kupitia akaunti yako ya CRA mtandaoni au fomu ya T1-ADJ. Kwa mwaka huo dola 2 kwa siku bado inakubalika, wala huhitaji T2200. Hesabu siku ulizofanya kazi nyumbani, ukiacha likizo na siku za ugonjwa. Mlango wa 2021 unafungwa 31 Desemba 2031, lakini fanya wiki hii.*