Somo: Kupiga picha kwa droni ndani ya magofu ya Kilwa Kisiwani

Tangu nilipoweka humu kundini picha za Msikiti Mdogo wa Kuba wa Kilwa, wengi mmeniomba nieleze nilivyofanya. Naanza na jambo ambalo ningependa kila mmoja alishike kabla hajawasha rimoti: ndani ya gofu, droni inaweza kuharibu bila kugusa kitu. Upepo wa mapanga yake yanayozunguka unatosha.

Kuta za Kilwa ni mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa. Mizizi, mvua na chumvi ya bahari vimekula chokaa hiyo kwa karne nyingi, na mahali pengine lipu imebaki kuning'inia tu. Siku moja nilisimama chini ya tao, droni ikielea mbali kidogo na ukuta, nikasikia vipande vikidondoka sakafuni kama punje za mchele. Niliishusha palepale. Tangu siku hiyo, ndani natumia ndogo tu, ya chini ya gramu 250, yenye vizingio vya mapanga.

Hatua ya 1: Vibali. Kwa Tanzania unahitaji kibali cha TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) na ruhusa ya Wizara ya Ulinzi, kisha idhini ya wasimamizi wa magofu. Kilwa Kisiwani na magofu ya kisiwa jirani cha Songo Mnara ni Urithi wa Dunia tangu 1981, na kuanzia 2004 hadi 2014 yalikuwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Usiende na maneno matupu. Wapigie hodi na wazee wa kijiji, maana kisiwa kina wenyewe.

Hatua ya 2: Ingia kwa miguu kwanza. Tochi mkononi, droni ibaki kwenye begi. Tazama nyufa, viota vya nyigu, na popo. Ukikuta popo wengi, chumba hicho kiache: watashtuka na kuruka ovyo, na vumbi la kinyesi chao linaweza kubeba kuvu wanaodhuru mapafu. Barakoa vaa hata pasipo na popo.

Hatua ya 3: Badili mpangilio wa kurudi nyumbani, yaani wa droni kujirudisha yenyewe ilikopaa. Hapa ndipo droni nyingi huvunjika. Mawasiliano yakikatika, droni iliyoachwa na mpangilio wa kiwandani inaweza kupanda juu kwanza ndipo irudi. Wewe uko chini ya kuba, itapanda wapi? Weka ielee palepale au ishuke taratibu.

Hatua ya 4: Ipe droni macho. Chini ya paa GPS haifiki, kwa hiyo droni inajishikilia kwa kamera ndogo ya tumboni inayosoma alama za sakafu. Sakafu yenye giza au vumbi la rangi moja haina cha kusomeka, na droni inaanza kuteleza kuelekea ukutani. Mimi natandika mkeka wa ukili wenye mistari ya rangi na kuweka taa mbili za betri pembeni. Mkeka unafanya kazi mbili: unaipa kamera alama na unazuia vumbi kutimka wakati wa kupaa.

Msikiti Mkuu una mtego wake. Sehemu yake ya kaskazini, iliyo kongwe zaidi, haina paa, na upande wa kusini kuna kuba na matao. Ukitoka chini ya kuba kuingia uwazini, droni inakamata setilaiti ghafla, inajirekebisha, na inaweza kuruka hatua nzima pembeni. Mpakani hapo usipite. Shusha, ibebe mkononi, uanze upya upande wa pili.

Hatua ya 5: Kuruka. Chagua mwendo wa polepole kabisa. Kaa katikati ya chumba, uizungushe droni badala ya kuisogeza. Na dari usiikaribie: hewa iliyo juu ya mapanga inapungua msukumo, droni inavutwa juu yenyewe. Mimi huacha angalau nusu mita kati yake na droni. Awepo mwenzako wa kutazama ukuta ambao wewe huuoni.

Hatua ya 6: Picha. Mwanga na rangi uviweke kwa mkono, visibadilike katikati ya kazi. Piga RAW, yaani faili ghafi ambayo kamera haijaichakata. Kama unataka kutengeneza umbo la pande tatu (3D), kila picha ifunike inayofuata kwa asilimia 70 hadi 80, na uweke rula sakafuni ili vipimo vipatikane. Msikiti Mdogo usiuache bila kupiga dari yake kutoka chini: pana mabakuli ya kauri yaliyopachikwa kwenye chokaa, na mengine yamebakiza shimo la duara tu.

MASWALI YA WANACHAMA

Wakati gani mzuri wa kwenda?
Tanga mbili, kati ya kusi na kaskazi, upepo unapolegea. Asubuhi, na ulize kwanza maji ya bahari yanajaa na kupwa saa ngapi.

Naweza kuingiza droni kwenye nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar zinazokaribia kuanguka?
Wewe usiingie. Beit al-Ajaib, jumba la kifalme la huko lililojengwa 1883, lilianguka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 likaua watu. Kama umeruhusiwa, simama nje, mbali na ukuta, uipitishe droni dirishani usiipoteze machoni. Kuta nene za matumbawe zinakata mawasiliano haraka, basi usizunguke nayo kona.

Sina hela ya droni. Nifanyeje?
Funga kamera kwenye mti (ufito mrefu) wa mita nne, tumia simu kama rimoti. Yale mabakuli niliyapiga hivyo mara ya kwanza, na picha zake ni kali kuliko za droni kwa sababu mti hautikisi hewa. Droni naichukua pale tu ambapo mti haufiki.