Kupima mifupa ya mama kwa altrasaundi ya kisigino

Kwa mama anayekaribia au aliyekoma hedhi, kisigino kinafaa kwa kipimo hiki: kwa ndani mfupa wake una vitundu kama sponji, na mfupa wa aina hiyo hupungua upesi homoni ya estrojeni ikishuka. Mashine haitoi mionzi.

Kabla ya mteja wa kwanza, pima fantomu ya mashine, yaani kifaa cha majaribio chenye namba inayojulikana. Namba ikitoka nje ya kiwango cha mtengenezaji, usianze.

Avue viatu na soksi, aketi, unyayo utulie kwenye kibao. Futa kisigino kwa spiriti, kisha paka jeli pande zote mbili. Hapa wengi huharibu: hewa iliyonaswa kwenye jeli au ndani ya magaga huzuia mawimbi, na matokeo hutoka ovyo. Jaza nyufa kwa jeli kwa kidole. Mguu uliovimba au uliowahi kuvunjika uache, pima wa pili.

Halafu baridi. Juni na Julai, Makete au Mbeya, mtu hufika na ndala, kisigino kama barafu. Sauti hupita kwa kasi zaidi kwenye mafuta ya kisigino yaliyopoa, na mashine husoma kasi kubwa kama uimara, hivyo mfupa huonekana imara kuliko ulivyo. Mfunike blanketi mpaka mguu upate joto.

Pima mara mbili, ukiuweka mguu upya. Majibu yakipishana sana, rudia.

Kiwango cha -2.5 cha WHO (Shirika la Afya Duniani), kinachotumika kusema mtu ana udhaifu wa mifupa, ni cha DEXA, kipimo cha eksirei, ya nyonga na mgongo. Usikitumie kwa kisigino. Majibu yakiwa ya chini, andika rufaa, si dawa.