Jinsi ya kupiga kambi masika kwenye kempsaiti za hifadhi bila kulala umeloa

Ukimwambia mtu mwezi wa nne unaenda kulala porini kwenye hema anakuangalia mara mbili. Mwache tu, maana hiyo hofu ndo inafanya kempsaiti zinabaki wazi. Kuanzia mwishoni mwa Machi mpaka Mei kambi na loji nyingi za porini zinafunga, magari ya watalii yanapungua, na pale Seronera, katikati ya Serengeti, ambapo mwezi wa nane mahema yanabanana mpaka unajikwaa kwenye kamba za jirani, masika unaweza kukuta mko nyie na kundi lingine moja basi. Majani kijani, vumbi hakuna, ndege wamejaa, na kwenye baadhi ya hifadhi hata kiingilio cha wageni wa nje kinashushwa katikati ya Machi mpaka katikati ya Mei. Ila masika haiendewi kichwa kichwa. Wanyama wanaogopwa kupita kiasi, kinachoharibu safari ni maji na udongo, na ukishavimudu hivyo viwili umebakiwa na mambo madogo madogo.

Kwanza chagua hifadhi kwa kuangalia barabara, sio kwa kuangalia picha. Kwa mtu wa Dar ningesema aanze na Mikumi, lami inakufikisha mpaka getini, na barabara kuu ya Iringa na Mbeya inapita humo humo ndani ya hifadhi kama kilomita 50, kwa hiyo mvua ikigoma kukatika hauko mbali na lami. Shida ya Mikumi ni uwanda wa Mkata, ule udongo mweusi wa mbuga, ukilowa unajaa kwenye tairi mpaka linakuwa duara laini halina meno na gari linakalia tumbo. Kempsaiti ya karibu na geti utafika, ila mizunguko ya ndani muulize askari pale getini njia ipi inapitika leo. Nasema leo, sio wiki iliyopita alivyopita shemeji yako.

Huna gari la 4x4? Fikiria Udzungwa. Kule hakuna kuzunguka na gari, kila kitu ni kwa miguu, unapanda basi la Ifakara unashuka Mang'ula na makao makuu ya hifadhi yako hapo hapo. Maporomoko ya Sanje ya mita 170 masika ndo yanakuwa yamejaa kweli kweli. Njia zinateleza balaa lakini, kwa hiyo viatu vyenye meno, fimbo, na muongozaji wa hifadhi, na akikwambia leo hatupandi usianze kubishana naye kuhusu hela uliyotumia.

Kaskazini ni kuzuri ila kuna mahesabu yake. Ukitoka Arusha kwenda Serengeti kwa njia ya Ngorongoro unalipia Ngorongoro pia hata kama unapita tu, maana ni mamlaka mbili tofauti, watu wengi hili wanalijua getini ndo wanaanza kupigiana simu. Aprili na Mei nyumbu wanatoka nyanda za kusini wanapanda kupita vilima vya mawe vya Moru na Seronera kuelekea magharibi, kwa hiyo sio kweli kwamba masika hakuna cha kuona. Kempsaiti ya Simba pale ukingoni mwa kreta iko zaidi ya mita 2,000 juu, ukungu unashuka jioni mpaka huoni gari lako, na baridi yake sio ya kutania nayo. Kuna Kitulo pia, ile ya maua kule Makete, mvua ndo zinayatoa hayo maua na yanaendelea mpaka mwezi wa nne hivi, ila iko mita 2,600 na kitu, kwa hiyo ukitoka Dar na shuka lako moja la kimasai utajuta.

Kabla ya kuondoka fungua taarifa za TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa), utabiri wa siku tano na kama kuna angalizo au tahadhari kwa mkoa unaoenda. Mvua ya kawaida nenda. Tahadhari ya mvua kubwa ahirisha, hifadhi haihami.

Malipo: getini hawapokei keshi. Unatengenezewa kontrol namba, unalipa kwa simu au benki, basi. Masika mtandao unasumbua, kwa hiyo lipia mjini ukiwa bado una intaneti na hakikisha kwenye simu kuna salio la ziada, maana ukiongeza usiku mmoja unalipa tena. Beba kitambulisho cha NIDA cha kila mtu, bila hicho hawana namna ya kujua wewe ni raia wa kulipa kwa shilingi, na tofauti na bei ya dola ni kubwa sana. Omba kempsaiti ya pabliki, sio ile spesho. Spesho ni ghali na haina choo wala maji, ni uwanja mtupu, wakati pabliki ina vyoo, bafu, na kibanda cha kupikia, na pale Seronera vibanda vimezungushiwa nyavu za chuma, yaani binadamu ndo mnakula ndani ya kizimba na fisi anawaangalia kutoka nje. Kwenye mvua hicho kibanda ni dhahabu, na masika hakuna wa kugombania naye.

Sasa hema. Yale mahema ya kurusha yanajifungua yenyewe, ya tabaka moja, ni ya bichi. Masika unataka tabaka mbili, hema la ndani lenye nyavu na kifuniko cha juu kinachoshuka mpaka karibu na ardhi. Kwenye lebo angalia namba ya kuzuia maji, inaandikwa kwa milimita, kifuniko kikiwa 2000 na sakafu 3000 au zaidi uko sawa. Ukiangukia hema zuri la mtumba usiliamini mpaka ulijaribu, litege uani, limwagie maji kwa mpira wa bustani nusu saa nzima halafu ingia ndani upapase mishono kwa mkono. Panapotoka maji pakaushe, paka gundi ya mishono inayoendana na kitambaa cha hema lako, acha ikauke kabisa. Kama hutaki kununua, Arusha na Moshi wapo wanaokodisha vifaa vya mlimani, ila hata la kukodi litege kwanza mbele yao, hesabu vigingi na fimbo zote, usikubali kupewa likiwa limefungwa kwenye mfuko.

Kempsaiti fika mapema, saa tisa saa kumi uwe umeshatega, maana huko bara mvua nyingi zinapenda alasiri na usiku, na kutega hema kwenye mvua na tochi mdomoni ni kazi. Usishushe mzigo kwanza. Zunguka uangalie ardhi. Majani yaliyolala yote upande mmoja, au mchanga mwembamba umejipanga mistari, hapo maji huwa yanapita na yatapita tena usiku huu. Pale panapoonekana bapa pazuri kabisa kama kitanda mara nyingi ndo dimbwi, chukua pale palipoinuka kidogo hata kama utalala umeinamia miguuni. Juu angalia matawi makavu, na ukiona mvungunya, ule mti wenye matunda marefu yananing'inia, hama, tunda moja lina kilo kadhaa na likidondoka halichagui. Mti mrefu uliosimama peke yake nao uache kwa sababu ya radi. Radi zikianza kweli kweli ingieni kwenye gari, hema halikingi radi.

Halafu tandika turubai chini, na hapa ndo wengi wanakosea: turubai lisizidi sakafu ya hema hata kidogo. Likitokeza pembeni linakinga maji ya mvua linayapeleka chini ya mgongo wako, usiku mzima unalala juu ya bwawa. Likunje ndani pande zote. Vigingi vipige kwa mshazari, kichwa kikiangalia nje mbali na hema, na kwa kuwa ardhi imelowa vile vigingi vyembamba vilivyokuja na hema vitang'oka, nenda kwa fundi wa kuchomelea akukatie nondo za sentimita 30 akukunjie kichwa. Kamba zote zifungwe, hata kama hakuna upepo, ile nafasi kati ya kifuniko na hema la ndani ndo inayokuweka mkavu, vikigusana tu maji yanapenya. Kamba nyingine zinalegea zikilowa kwa hiyo kabla ya kulala zungukia uzikaze. Mfereji kuzunguka hema usichimbe, hifadhini kuchimba chimba hawataki, na ukichagua sehemu vizuri hauhitajiki.

Kitu kingine, usifunge madirisha yote eti mvua. Pumzi zenu zinageuka maji, asubuhi ukuta wa ndani unachuruzika na mtu anaanza kutukana hema kwamba limevuja kumbe ni jasho lenu wenyewe. Acha tundu za juu wazi, nyavu zimefungwa.

Nguo na chakula weka kwenye ndoo za rangi za lita 20 zenye mifuniko, zioshe vizuri tu. Hazipitishi maji, nyani hawazifungui kirahisi, na unazikalia kama viti. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 kwa hiyo usipange safari ukiitegemea. Godoro la sponji liache nyumbani, likinywa maji halikauki safari nzima, tafuta ule mkeka wa povu gumu la kukunja na chini yake mkeka wa plastiki, baridi kubwa inatoka ardhini sio hewani. Kila mtu awe na seti moja ya nguo kavu ya kulalia ambayo haitoki nje ya hema kwa sababu yoyote ile. Kupikia beba gesi, mtungi wa kilo sita unatosha, kuni za hifadhini haziokotwi na hata zingeruhusiwa zimelowa. Maji ya kunywa beba ya kwako, ya bombani ni ya kuoshea vyombo.

Wadudu ndo wenyeji wa masika. Taa ikiwaka baada ya mvua kumbikumbi wanakuja kwa maelfu, weka taa mbali na mlango wa hema uwahadae (najua kuna watu hapa mate yameshawatoka, ila hifadhini hata kumbikumbi ni wa serikali). Viatu kung'uta kabla ya kuvaa, nge. Mbung'o wa Mikumi na Tarangire wanapenda rangi ya bluu na nyeusi, kwa hiyo jinzi yako nzuri ile iache. Mbu wapo wengi, dawa ya kupaka, mikono mirefu, na ongea na daktari kuhusu kinga ya malaria kabla ya safari. Siafu ndo wa kuheshimu. Mvua zinawatoa, wanatembea mstari mweusi kama kamba, sasa kabla ya kutega fuata ule mstari kwa macho ujue unatoka wapi na unaenda wapi, kaa mbali nao. Wakikuingilia usiku usipigane, majivu hayasaidii kwenye mvua, ondokeni muingie kwenye gari waacheni wapite, kwa kawaida wanapita wakamaliza shughuli zao, asubuhi hata mende hakuna.

Wanyama wakubwa: kempsaiti hizi hazina uzio. Hema likiwa limefungwa zipu simba na fisi huwa wanapita tu, wanachotaka ni harufu. Kwa hiyo chakula, dawa ya meno, hata sabuni yenye harufu ya matunda, vyote kwenye gari au kwenye kibanda chenye nyavu. Machungwa na maembe ndani ya hema usithubutu, tembo ananusa na hana habari kwamba kuna mtu kalala katikati. Pale kempsaiti ya Simba, Ngorongoro, tembo wamezoea kuja kunywa kwenye tanki la maji la kempsaiti, unasikia tumbo linanguruma na maji yanavutwa, huo sio wakati wa kutoka na simu kupiga picha. Sufuria na viatu ingiza ndani, fisi anabeba. Usiku tochi imulike kuzunguka kabla ya kufungua zipu yote, ukiona macho rudi ndani, na mkojo wa usiku una ndoo yake ndogo yenye mfuniko, wala hakuna cha kuona aibu hapo. Spika ya muziki ibaki nyumbani.

Gari likikwama usikanyage mafuta. Kila ukikanyaga unachimba. Shukeni, toeni udongo mbele ya tairi kwa chepe, tandikeni matawi makavu yaliyoanguka au zile mbao mlizobeba, punguza upepo wa tairi kidogo halafu toka taratibu kwa gia ndogo bila kukata kona. Angalieni kwanza pembeni kabla mtu hajashuka, mko hifadhini bado. Pampu ya kurudisha upepo muwe nayo. Sehemu ambayo maji yanakatiza barabara na huoni chini yake usiijaribu hata kama kuna Land Cruiser limepita mbele yako, lile lina snokeli (bomba la kuvutia hewa lililopandishwa juu) na dereva wake anaijua hiyo sehemu.

Siku ya kuondoka utafunga hema likiwa bichi, haina namna, masika ndivyo ilivyo. Kifuniko kifunge peke yake kisilowanishe cha ndani. Ila ukifika nyumbani, hata kama ni saa nne usiku na umechoka, lianike sebuleni juu ya viti na feni iwake, ukisema nitalianika kesho, siku mbili tatu ukungu umeshaingia kwenye kitambaa na ile harufu haitoki tena.