Shimo la tanuri la kale likijitokeza shambani

Katika nchi ya Wahaya, mkoani Kagera, mabaki ya matanuri ya chuma huonekana mtu anapochimba msingi, anapopalilia migomba, au mvua kubwa ikishachukua udongo wa juu. Utayajua kwa udongo mwekundu uliookwa, vipande vya mirija ya udongo iliyopitisha upepo wa mivukuto, na mapande meusi mazito ya mavi ya chuma, yaani taka ngumu inayobaki chuma kikiyeyushwa. Mengine yana alama za manyasi: wayeyushaji walijaza shimo manyasi ya bwawani yaliyochomwa nusu, mavi yakatiririkia humo. Pande la namna hiyo likiokotwa kujengea ukuta, limepoteza nusu ya habari zake.

Basi usifukue. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka kibali. Toa taarifa ofisi ya kijiji na kwa afisa utamaduni wa wilaya.

Unapongoja, piga picha kutoka juu na pande zote nne, rula ikiwa ndani ya picha. Piga asubuhi au jioni. Jua la utosini hufifisha mpaka kati ya udongo uliookwa na mbichi. GPS ya simu hukosea mita kadhaa, kwa hiyo pima pia kwa futi kamba kutoka vitu viwili visivyohama, kama kona ya nyumba na jiwe kubwa. Mgomba haufai: mwakani mama kakatwa, mtoto kachipua pembeni.

Makaa yaliyonasa kwenye mavi yaache palepale, maana ndiyo hupimwa umri, kwa kaboni iliyomo. Yakidondoka, yainue kwa kisu safi, uyafunge kwenye karatasi ya alumini. Pamba, karatasi ya kawaida na majivu ya sigara huyachanganyia kaboni ya leo.

Kufunika ndiko kunakoharibiwa zaidi. Tandaza kitambaa kinachopitisha maji, kisha mchanga uliochekechwa sentimita 10, kisha udongo sentimita 20 hadi 30, ukiinua katikati kidogo. Turubai la nailoni hufungia unyevu, na kuta za tanuri, za udongo wa kichuguu, hulainika na kuporomoka. Saruji ni mbaya zaidi: hupasuka, maji hupenya, na siku ya kuiondoa hung'oa kila ilichoshika. Upande wa juu wa mteremko weka tuta la udongo ulioletwa kutoka kwingine. Usichimbe mfereji, huenda ukakata shimo jingine la tanuri lililo karibu. Juu panda nyasi fupi tu. Mizizi ya mikaratusi na mibuni itapasua.

Majembe na mikuki iliyokwisha tolewa isioshwe wala kupakwa mafuta. Itie kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na silika jeli, chembe zinazofyonza unyevu, yenye uzito sawa na chuma chenyewe. Jeli ya rangi ya chungwa ikigeuka kijani, ikaushe jikoni kwa nyuzi 110 hivi. Sanduku la mbao, hata liwe zuri vipi, hutoa mvuke wa asidi unaokula chuma.

Maneno nayo yaokolewe. Huko Katuruka, masimulizi ya mnara wa chuma wa mfalme Rugamora Mahe ndiyo yaliyowaelekeza wanaakiolojia kwenye karakana za kale. Mrekodi mzee kwa Kihaya kwanza, pande la mavi likiwa mkononi mwake, aitaje kila sehemu na kila hatua. Tafsiri ya Kiswahili ifuate. Muulize pia lipi la miiko lisitangazwe, na nakala moja ibaki kwa jamaa zake.